Albumini Yako Inapotelea Wapi? Mwongozo wa Kusoma Majibu ya Damu na Mkojo

Umetoka maabara na karatasi mkononi. Katika safu ya majina magumu limo moja, albumini, na pembeni yake nambari yenye mshale unaoelekea chini, au alama ya kujumlisha moja au mbili kwenye sehemu ya mkojo. Kabla hujafika nyumbani umeshapata ushauri: kula mayai. Jirani atasema mawili kila asubuhi, shangazi ataongeza supu ya kongoro, na dukani watakuuzia kopo la unga wa protini. Wote wanakutakia mema. Hata hivyo, kwa watu wazima walio wengi, ushauri huo unaacha tatizo palepale lilipo. Mtu mwenye albumini pungufu mara chache sana huwa amekosa mayai tu. Ama ini linaloitengeneza limedhoofika, ama inavuja mahali, ama mwili umepunguza kuitengeneza kwa muda kwa sababu unapambana na maradhi mengine. Kujua ni lipi kati ya hayo ndiko kunakookoa figo na maisha, na sehemu kubwa ya kujua huko inawezekana hata kwenye kituo cha afya cha kata.

Hiyo albumini ni kitu gani

Ni protini inayoyeyuka katika maji, na ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu: inafanya zaidi ya nusu ya protini zote zilizomo humo. Inatengenezwa na ini peke yake, gramu 10 hadi 15 hivi kila siku kwa mtu mzima mwenye afya. Ikishaingia kwenye damu hudumu. Baada ya wiki tatu hivi, nusu yake bado imo.

Kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yabaki ndani ya mishipa. Karibu robo tatu ya nguvu inayofanya kazi hiyo inatokana nayo. Ikipungua sana, maji hutoka mishipani na kutuama panapoweza: vifundo vya miguu jioni, kope asubuhi, tumbo, wakati mwingine hata kuzunguka mapafu. Kazi yake ya pili ni kubeba. Inabeba mafuta, inabeba bilirubini ile inayoyafanya macho kuwa manjano, inabeba kalsiamu, homoni na dawa nyingi. Hili la kubeba lina matokeo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua. Ukiwa na albumini ndogo, kipimo cha jumla cha kalsiamu nacho kitaonekana kidogo hata kama kalsiamu inayofanya kazi mwilini inatosha. Usikubali kuandikiwa vidonge vya kalsiamu kabla daktari hajayatazama majibu yote mawili pamoja. Na kama unatumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, dozi uliyoizoea miaka yote inaweza kuanza kukulevya albumini ikishuka, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya dawa inazunguka bila kushikwa. Ukianza kuyumba, kuona maruweruwe au macho kuchezacheza, rudi hospitali ueleze yote mawili: dawa unayotumia na majibu ya albumini.

Ute wa yai una albumini yake, ovalbumini, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya protini zote za ute. Maziwa yana yake, na mbegu kama karanga na ufuta zina zake. Zote zinayeyuka majini, lakini hakuna hata moja inayoingia kwenye damu yako ikiwa nzima. Tumbo na utumbo huzivunjavunja kuwa asidi amino, sawa na zinavyovunjwa protini za maharage, dagaa au nyama, kisha ini huchukua inachohitaji na kujenga upya. Kwa hiyo yai ni chakula kizuri, nami ningependa kila nyumba iwe nalo mezani, ila halina njia ya mkato ya kwenda damuni ambayo dagaa hawana.

Nambari ya damu

Kwanza tazama kipimo kilichotumika. Maabara nyingine huandika gramu kwa lita, nyingine gramu kwa desilita, hivyo 38 ya hospitali moja na 3.8 ya hospitali nyingine ni kitu kimoja. Nimeona watu wakilia kwa hofu kwa sababu tu ya nukta hiyo. Mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 35 na 50 kwa lita; mipaka hutofautiana kidogo baina ya maabara, na ndiyo maana karatasi huchapwa mipaka yake pembeni. Nambari ikizidi kiwango cha juu, karibu kila mara ni kwamba umepungukiwa maji mwilini, au mpira uliofungwa mkononi ulikaa muda mrefu kabla damu haijatolewa.

Ikiwa chini, jiulize ulikuwa katika hali gani siku ile. Mgonjwa wa nimonia, malaria kali, usaha mwilini au aliyetoka kwenye upasuaji hushuka albumini kwa haraka, hata kama wiki iliyopita alikuwa akila vizuri. Ini hupunguza kuitengeneza ili litengeneze protini za kupambana na maradhi, na wakati huohuo mishipa midogo hulegea na kuipitisha nje. Tiba hapo ni kuutibu ugonjwa, nambari itafuata. Mjamzito naye hushuka kidogo kwa sababu maji ya damu yake yameongezeka. Kwa mgonjwa, kupima tena baada ya siku mbili ni kupoteza fedha. Subiri upone, upime baada ya wiki kadhaa.

Lakini ikiwa huna homa, huna kidonda, na nambari iko chini ya gramu 30 kwa lita, usiridhike na kuambiwa ule vizuri. Uliza juu ya ini, figo na utumbo. Kwa ini, omba kipimo cha homa ya ini B na C, kipimo cha muda wa damu kuganda, na picha ya tumbo ya ultrasaundi; ueleze pia habari za pombe bila kuficha, na kama ulikulia kando ya ziwa au mashamba ya mpunga ambako kichocho cha tumbo ni cha kawaida. Kwa utumbo, eleza kama unaharisha kwa muda mrefu, na upime choo: safura nzito hunyonya damu pamoja na protini zake. Kwa figo, unahitaji kopo la mkojo tu. Na kwa kuwa ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, anza nacho.

Kuvimba miguu nako kusikufanye ukimbilie kusema ni albumini. Moyo uliochoka huvimbisha miguu. Amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na maelfu ya watu wetu, huvimbisha vifundo vya miguu huku albumini ikiwa salama kabisa. Ukiona hivyo mwambie daktari akubadilishie, usiiache dawa mwenyewe.

Mkojo ndio unaosema mapema

Figo zako mbili zinachuja damu usiku na mchana, na vichujio vyake vidogo, karibu milioni moja katika kila figo, vimeumbwa vipitishe maji na uchafu na kuibakiza albumini. Kifumbu kizima hupitisha tui na kubakiza chicha. Kikianza kulegea nyuzi, chicha huonekana kwenye tui hata kabla kifumbu hakijachanika. Albumini kwenye mkojo ndiyo hiyo chicha. Huonekana miaka kadhaa kabla figo hazijashindwa, wakati mtu anajisikia mzima, anafanya kazi zake, na kipimo chake cha kreatinini cha damu bado ni kizuri. Nasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi wanaofika kwenye mashine za kusafishia damu wanafika bila kuwahi kupimwa mkojo kwa lengo hili hata mara moja, ilhali walihudhuria kliniki ya presha au kisukari kila mwezi, wakapimwa presha na sukari, wakachukua dawa, wakarudi nyumbani.

Uhusiano wa albumini na figo haukujulikana jana. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa waliovimba mwili. Alikuwa akiupasha mkojo wao moto katika kijiko juu ya mshumaa; ukiganda na kuwa mweupe, alijua una albumini, na wagonjwa hao walipofariki alikuta figo zao zimeharibika. Kwa muda mrefu maradhi ya figo yaliitwa kwa jina lake. Kijiko na mshumaa sasa vimebadilishwa na kijiti chenye vipande vya rangi, lakini swali linaloulizwa ni lilelile.

Namna ya kutoa mkojo inaharibu au inatengeneza majibu, kwa hiyo isifanywe ovyo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora, kwa kuwa umekaa usiku kucha na haujavurugwa na kusimama wala kutembea. Nawa, acha matone ya mwanzo yaende chooni, kinga ya katikati kwenye kopo safi. Usipime ukiwa kwenye siku zako, ukiwa na homa, ukiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, au siku moja baada ya kazi nzito, mechi au mbio ndefu. Hali hizo zote huweza kuleta albumini ya muda ambayo si ugonjwa wa figo. Peleka kopo mapema.

Kijiti husomwa kwa rangi. Sehemu ya protini huanza manjano na kugeuka kijani kadiri albumini inavyoongezeka. Alama moja ya kujumlisha ni kama miligramu 30 kwa desilita, mbili ni kama 100, tatu ni kama 300. Mwombe mhudumu akuoneshe kijiti chenyewe kando ya rangi za kwenye chupa. Si kumdharau, ni mkojo wako. Tazama pia kama kifuniko cha chupa kilikuwa kimefungwa, kwa kuwa vijiti vilivyoachwa wazi kwenye joto na unyevu hudanganya.

Kijiti kina udhaifu mmoja ambao wenye kisukari lazima waujue: hakioni albumini kidogo. Kipindi cha mwanzo, ambacho ndicho cha thamani kubwa kwa tiba, hupita chini ya uwezo wake, na mtu huandikiwa kwamba mkojo ni safi. Kipimo kinachoona mapema ni uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, ambao maabara huuandika ACR. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Kati ya 30 na 300 figo zimeanza kupitisha. Zaidi ya 300 uvujaji ni mkubwa. Ukikuta karatasi imeandika miligramu kwa milimoli, mipaka hiyo huwa takriban 3 na 30. Jibu moja baya halitoshi kukupa jina la ugonjwa: rudia, na kama majibu mawili kati ya matatu ndani ya miezi mitatu ni ya juu, hapo ni kweli.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe siku ileile anapogundulika, kisha kila mwaka, kwa sababu hakuna ajuaye sukari ilikuwa juu tangu lini. Wa aina ya kwanza aanze baada ya miaka mitano. Mwenye presha apimwe. Anayeishi na virusi vya UKIMWI apimwe, na mwenye selimundu, na yeyote ambaye mzazi au ndugu yake amefikia kusafishwa damu. Kama kliniki yako haina ACR, kijiti ni bora kuliko kukaa bila kipimo chochote. Kubali hicho, na siku ukienda hospitali ya mkoa au ya kaunti uombe hicho kingine.

Povu je? Mkojo ukianguka kwa nguvu kwenye sinki au shimo hutoa povu, na sabuni iliyobaki chooni hufanya hivyohivyo. Povu la kutilia shaka ni lile laini na zito linalobaki dakika kadhaa na kurudi kila siku. Halithibitishi kitu, ila ni sababu tosha ya kwenda kupima.

Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria, Pwani, Unguja na Pemba, kuna jambo la ziada. Kichocho cha mkojo huleta damu na protini kwenye mkojo kutokana na majeraha ya kibofu, na kijiti kinaweza kumfanya kijana aonekane ana ugonjwa wa figo. Mkojo uangaliwe mayai ya kichocho kwa darubini, atibiwe kwa prazikwanteli, kisha apimwe upya.

Mjamzito

Hapa naomba usome polepole, na kama wewe ni mume, usome pia. Kila hudhurio la kliniki ya wajawazito linapaswa kuwa na kipimo cha presha na cha mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba, na mkojo ukawa na protini, hiyo ni dalili ya ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mama anaweza kuwa hajisikii chochote. Akianza kuumwa kichwa kisichotulia, kuona giza au vimulimuli, au kupata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumzalisha na kumpa magnesiamu salfeti. Usimpe mayai ya kuongeza protini, wala usimfungie nyumbani apumzike. Na ukienda kliniki, ukapimwa presha lakini hukupewa kopo la mkojo, liombe. Wakisema vijiti vimeisha, uliza vinapatikana wapi karibu, ukapime siku hiyohiyo.

Imethibitika inavuja: sasa?

Habari njema ni kwamba uvujaji unaweza kupunguzwa sana. Dawa za presha za kundi la enalaprili, lisinoprili na losartani hushusha shinikizo ndani ya vichujio vyenyewe, kwa hiyo hulinda figo kuliko kushusha presha peke yake kunavyoweza. Zipo katika hospitali nyingi za serikali na si ghali. Muulize daktari wako waziwazi: je, mojawapo ya hizi inanifaa? Baada ya kuianza, damu ipimwe kreatinini na potasiamu ndani ya wiki mbili hadi nne. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, kwa sababu dawa hizi humdhuru mtoto tumboni. Kuna pia kundi jipya zaidi, dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za kisukari na kuonekana kulinda figo hata za wasio na kisukari. Bei bado ni kikwazo, lakini zitajwe kwenye mazungumzo yenu.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa vyakula vyote, ikiwemo ya mchuzi, ya kachumbari, ya mkate na ya vidonge vya supu. Chumvi ikizidi, dawa hizo hupoteza nguvu yake.

Kuhusu protini, hapa ndipo ushauri wa jirani unapoweza kudhuru. Mtu ambaye figo zake zinavuja na hajafikia kusafishwa damu, anatosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi kwa siku nzima: yai lina 6, bakuli la maharage yaliyopikwa lina kama 15, kipande cha samaki cha kujaza kiganja kina 20 au zaidi. Utaona kwamba mlo wa kawaida tu unafika. Kuongeza mayai manne na unga wa protini juu yake ni kuzibebesha mzigo figo zilizokwisha kulegea, na albumini itakayotengenezwa itatokea palepale inapovujia.

Kitu kingine ni vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa na watu huzimeza kwa mgongo, kwa goti, kwa uchovu wa shamba, mwaka baada ya mwaka. Ukiwa na albumini kwenye mkojo, sema hivyo dukani kabla hujasema kingine, na uchukue parasetamoli. Mitishamba isiyojulikana kilichomo nayo iache, hata ile inayouzwa kwa jina la kusafisha figo.

Mtoto aliyevimba

Mtoto anayeamka uso umevimba, macho hayafunguki vizuri, na mchana uvimbe umeshuka miguuni, mara nyingi huambiwa ana mzio, au nyumbani hutafutwa mtu wa kulaumiwa. Pima mkojo wake. Kama una protini alama tatu au nne, huenda ni ugonjwa wa figo zinazomwaga albumini kwa wingi, na wengi wa watoto wa aina hii hupona kwa prednisoloni wakianzishwa na kusimamiwa vizuri.

Mkojo ukiwa safi, na mtoto ameachishwa ziwa karibuni, nywele zimepauka, amenuna, ngozi inabanduka, bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kote kuwili, hiyo ni dalili ya kwashakoo, yaani unyafuzi, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Watu wengi wanajua kwamba ugonjwa huu una uhusiano na protini, hivyo humjaza mtoto mayai, maziwa na nyama siku ya kwanza. Msifanye hivyo. Hospitalini mtoto mwenye hali mbaya huanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75, ambayo kwa makusudi yana protini kidogo, chini ya gramu moja kwa mililita 100, mpaka ini, moyo na utumbo vitulie; baadaye ndipo hupandishwa kwenye F-100 au chakula tiba cha paketi. Mwenye hamu ya kula na asiye na homa wala kutapika anaweza kutibiwa nyumbani kwa paketi hizo chini ya uangalizi wa kliniki. Uvimbe wenyewe hupungua mara nyingi kabla albumini haijapanda damuni. Yaani hata katika ugonjwa huu wa njaa, albumini siyo hadithi yote.

Ile ya chupa

Albumini ya kutundikwa kama dripu hupatikana kutoka kwenye damu iliyochangwa. Njia ya kuitenganisha iliongozwa na Edwin Cohn wa Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Desemba 1941 ilitumika kwa majeruhi wa moto wa Pearl Harbor. Leo chupa moja inaweza kumaliza akiba ya familia, na ndugu huchangishana kuinunua wakiamini kwamba nambari ikipanda mgonjwa amepona.

Ina mahali pake. Mgonjwa wa ini aliyetolewa zaidi ya lita 5 za maji tumboni kwa mara moja huhitaji kiasi cha gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka, ili presha isianguke na figo zisikwame. Mwenye maji ya tumbo yaliyoingia wadudu pia hufaidika nayo. Lakini kuitundika ili tu kupandisha nambari kwa mtu ambaye figo zake zinamwaga, ni kuinunua leo na kuikojoa ndani ya siku mbili. Kabla hamjauza mbuzi, muulizeni daktari: itabadilisha nini kesho, na msipoinunua kutatokea nini? Swali hilo si la utovu wa adabu.

Jibu moja kubwa kuhusu dripu hii limetoka kwetu. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2011, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika waligawanywa: wengine wakapewa albumini kwa kasi, wengine maji ya chumvi kwa kasi, wengine hawakupewa dripu ya kasi. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakukimbiziwa dripu. Wengi walitarajia kinyume chake. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo msiyatumie matokeo haya kumnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuhara. Yatumieni mnapoambiwa kwamba mtoto mwenye homa anakufa kwa kuwa mmekosa fedha za chupa.

Yai, na nani hasa anufaike nalo

Likaangwe au lichemshwe hadi ute wote uwe mweupe na mgumu. Ute huanza kuganda joto likifika nyuzi 60 na kitu, na ovalbumini yenyewe hukamilika karibu na nyuzi 80, kwa hiyo moto wa wastani na dakika za kutosha ni bora kuliko moto mkali wa haraka. Wanaobugia mayai mabichi kwa ajili ya misuli wanajipunja: protini ya yai lililopikwa humeng'enywa kwa zaidi ya asilimia 90, ya bichi kwa karibu nusu tu, na ute mbichi una avidini inayozuia vitamini ya biotini isifyonzwe. Tena kuna salmonela, ambayo kwa mgonjwa aliyedhoofika si mchezo.

Kuna mtu mmoja, hata hivyo, ambaye nitamwambia ale mayai kwa moyo wote: anayesafishwa damu. Mashine inampotezea protini, na wanaosafishwa kwa njia ya tumboni hupoteza gramu 5 hadi 10 kila siku kwenye maji yanayotolewa. Mahitaji yake hupanda hadi gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, wakati huohuo fosforasi inamkaba, na nyama, maziwa na maharage vimejaa fosforasi. Ute wa yai moja kubwa una gramu 3.6 za protini na fosforasi miligramu 5 hivi. Kiini kina zaidi ya mara kumi ya fosforasi hiyo. Kwa hiyo ute wa mayai matatu na kiini kimoja, vikikorogwa na kukaangwa pamoja na kitunguu, pilipili hoho na ndimu badala ya chumvi, humpa karibu gramu 14 za protini kwa fosforasi ndogo kuliko kipande cha nyama cha protini hiyohiyo. Viini vinavyobaki wapewe watoto. Na siku ya kipimo cha mwezi, abebe daftari aliloandika alichokula, amkabidhi mtaalamu wa lishe pamoja na majibu ya albumini na fosforasi, wayasome kwa pamoja.